Msimamizi Si Muhuri

Nitasema, na wa kununa na anune. Katika vyuo vyetu vikuu, msimamizi wa utafiti wa mwanafunzi wa shahada ya kwanza amegeuka muhuri. Unamwendea wiki ya mwisho na rundo lako lililobanwa steshenari, anafungua ukurasa wenye mstari wa saini, anasaini, mnaagana. Na sisi tuliodhulumiwa ndio tunaompigia debe: "Mzee yule hana noma, hasumbui." Hebu lisikilize neno hilo, ndugu yangu. Hasumbui! Daktari asiyekupima naye hasumbui. Fundi anayekujengea nyumba bila pimamaji wala timazi hasumbui hata kidogo, mpaka masika yaingie.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa vijana wa siku hizi hawana adabu, wanataka kutafuniwa, enzi zetu bwana sisi tulikuwa hivi na vile. Enzi zenu nitazifikia. Kwanza nataka kumtaja kijana mmoja aliyechekwa na darasa zima, kwa sababu habari yake wengi tunaijua nusunusu, na ile nusu tusiyoijua ndiyo inayonikera.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wavulana pale walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Nafasi ndani ya friji ilikuwa finyu na wenye hamu walikuwa wengi. Mpemba akaogopa kukosa nafasi, akaweka mchanganyiko wake ukiwa bado wa moto. Ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuwa wa moto. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Akasafiri na swali lake mpaka Shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu wa huko akamkejeli kwamba hiyo si fizikia ya ulimwengu, ni fizikia ya Mpemba. Wenzake wakapata utani wa bure. Akikosea hesabu, wanamwambia hiyo nayo ni hisabati ya Mpemba.

Hapo ndipo wengi tunapoishia, tunacheka, tunasema kweli waalimu wa zamani walikuwa wakali. Tuendelee. Siku moja ukaja ugeni pale Mkwawa: Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu kule Dar es Salaam. Akazungumza, akaruhusu maswali. Mpemba akanyanyua mkono akauliza lilelile. Darasa likaangua kicheko. Osborne hakucheka, wala hakujifanya anajua. Aliporudi Dar akamwambia fundi wa maabara ajaribu, na ya moto yakatangulia kuganda. Mwaka 1969 makala ikatoka Uingereza katika jarida la Physics Education ikiwa na majina mawili. La kwanza, Mpemba. La pili, Osborne. Na ndani yake Mpemba anasimulia mwenyewe habari ya aiskrimu, friji na kejeli zote. Wakati huo hata fizikia hakuwa anasoma, alikuwa Mweka kule Moshi, chuo cha wanyamapori.

Wanafizikia wanabishana mpaka leo. Wapo wanaosema jambo lile halipo, wapo wanaosema hutokea kwa masharti fulani. Na wabishane. Mimi ninachotaka uone ni kitu kidogo tu: yule mwalimu angeweza kulichukua swali la mtoto wa watu, akalipima, akaandika kwa jina lake peke yake, akaweka chini kabisa kijimstari cha kuwashukuru "wanafunzi wa Mkwawa". Nani angejua? Nani angemdai? Kijana wa watu angeendelea kuhesabu tembo, na sisi leo tungekuwa tunaliita jambo lile kwa jina la mgeni.

Mtaniambia huyo ni mmoja, tena mgeni mwenye moyo wake. Haya, twende idara ya historia.

Mwaka 1968, hapo hapo Dar es Salaam, wanafunzi wa historia walitumwa vijijini kwenda kuwauliza wazee habari za vita vya Majimaji. Wakati wa likizo, wakati ambao sisi tunalala mpaka saa nne. Vita vile vilikuwa vya 1905 hadi 1907. Piga hesabu: aliyekuwa kijana wa miaka 15 vita vilipoanza, mwaka 1968 alikuwa mzee wa miaka 78. Wangengoja miaka 20 zaidi, wangekuta makaburi. Vijana wale walirudi na sauti ambazo hazikuwamo katika faili lolote la Mjerumani, na karatasi zao zikakusanywa na idara mwaka 1969. Ile ya Ungoni, ya O. B. Mapunda na G. P. Mpangara, ikachapwa kuwa kijitabu mwaka huohuo, kwa majina yao. Wanahistoria wa Majimaji, awe wa Dar au wa Berlin, mpaka leo wanakuta njia inapita kwa wanafunzi wale.

Kisha mwaka 1973 kikatoka kitabu cha maisha ya Watanzania, Modern Tanzanians, mhariri John Iliffe. Humo ndani wamo walioandika wakiwa wanafunzi. Daisy Sykes Buruku ameandika habari za babu yake, Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa African Association mwaka 1929. Fikiria mwalimu anayemwambia mwanafunzi: mambo ya nyumbani kwenu nayo ni historia, nenda kaandike. Halafu anaisoma. Halafu anaihariri. Halafu inatoka na jina la mwandishi wake. Leo huwezi kuandika siasa za Dar es Salaam ya zamani ukaipita sura ile.

Sasa enzi zenu nimezifikia, wazee wangu, na kumbe ndizo zinazowasuta.

Lakini tusidanganyane. Wakati ule wanafunzi walikuwa wachache. Chuo kilipofunguliwa Oktoba 1961 wanafunzi hawakufika 20, wote wa sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Hata miaka ya sitini inakwisha, mhadhiri aliwajua wanafunzi wake kwa majina na kwa vijiji. Leo vyuo vimeongezeka, mikopo ya serikali imewafungulia mlango watoto wa wakulima na wamachinga, na mimi ni mmoja wao, siwezi kuulaani mlango nilioingilia. Ila wanafunzi waliongezeka kwa maelfu na waalimu hawakuongezeka hivyo. Mhadhiri mmoja anapangiwa wanafunzi wa kusimamia ambao hata akikutana nao kwenye daladala hatawatambua. Ana madarasa, ana mitihani ya kusahihisha, jioni anakwenda kufundisha chuo kingine kwa saa kwa sababu mshahara haufiki tarehe 20. Nayajua hayo. Sina kinyongo na mtu aliyechoka.

Kuna na jingine ambalo halisemwi sana. Mhadhiri anapandishwa daraja kwa makala alizochapa. Makala zina hesabu yake, majarida yana uzito wake. Sasa niambie, kumlea kijana mmoja wa mwaka wa tatu mpaka ajue kuuliza swali lina pointi ngapi? Ndiyo hivyo. Na zaidi ya makala, kuna konsaltansi. Mahmood Mamdani alilipigia kelele jambo hili Makerere mwaka 2011: kwamba utafiti wa vyuo vyetu umegeuka kazi ya kuajiriwa, mfadhili anakuja na swali lake, msomi anamtafutia jibu. Nami naongeza la kwangu: msomi aliyezoea kuletewa maswali na wenye fedha atawezaje kumfundisha mwanafunzi kuzaa swali lake? Atamfundisha anachokijua, yaani kujaza hojaji.

Ndiyo maana tasnifu zetu zinafanana kama sare za shule. "Changamoto za" kitu fulani "katika" wilaya fulani. Hojaji mia moja, jedwali la asilimia, mapendekezo matano: serikali ifanye hivi, jamii ielimishwe, watafiti wengine waje kutafiti zaidi. Waje kutafiti nini na wewe mwenyewe hukutafiti?

Sasa niseme langu, maana nisiposema mtadhani nimetumwa.

Mwaka wangu wa mwisho nilichagua kukusanya maneno ya mafundi wa majahazi. Chuo sikitaji. Kina lango, kina mlinzi anayedai kitambulisho, kinatosha kuwa chuo chochote. Nilikwenda Nungwi, kule kaskazini ya Unguja, kwa fedha ya bumu ambayo ilitakiwa iwe ya kula. Kwa wiki tatu nilishinda ufukweni na fundi mmoja mzee. Siku mbili za mwanzo hakunijibu kitu, alinipa kazi ya kumshikia mbao. Siku ya tatu akaanza kunifundisha: mkuku huu, mataruma haya, hii fashini, huku omo na kule tezi. Akanionyesha foromali, akanieleza joshi na demani, akanikalisha chini nimwone anavyotia pamba kwenye nyufa, kalfati, inchi kwa inchi, na deheni ya shahamu na chokaa inavyopakwa tumboni mwa chombo. Kila neno nililiandika na sentensi yake, kama alivyolisema. Sentensi moja aliisema siku mvua ilipotukimbiza chini ya makuti: "Jahazi halina haya, mwanangu. Ukiliibia pamba, litakunywesha maji mbele ya watu."

Msimamizi wangu nilikutana naye mara tatu. Mara ya kwanza koridoni, akasema kichwa cha mada ni kirefu. Mara ya pili mlangoni kwake, akiwa na funguo mkononi, akasema niongeze mapitio ya maandishi. Mara ya tatu akasaini. Nilikuwa nimeandaa maswali, nilitaka hasa kumuuliza kwa nini fundi anatumia neno moja kwa vitu viwili ambavyo kamusi imevitenga. Akaniambia, "Wewe umefaulu, unataka nini tena?" Nikapata alama nzuri. Sikujua ni nzuri kwa lipi, kwa maana pembeni mwa kurasa zangu hapakuwa hata na nukta ya kalamu yake. Nilikagua kurasa zote 46.

Miaka miwili baadaye nilialikwa na rafiki kwenye kongamano la lugha, tulifuata chai na sambusa, nisiwe mnafiki. Akapanda msimamizi wangu kuwasilisha. Mada: maneno ya mafundi majahazi. Nikasema moyoni, wallahi vizuri, mzee kapendezwa na jambo lile. Kisha akaonyesha jedwali. Lilikuwa langu, kwa mpangilio wangu, toka mkuku mpaka deheni. Bado nikajituliza, huenda na yeye amekwenda Nungwi, ufukwe si wa baba yangu. Ndipo akasoma mfano: "Jahazi halina haya, mwanangu." Ukumbi ukacheka kwa furaha. Mimi nilikuwa nasikia mvua juu ya makuti.

Mwisho wa makala alimshukuru Mungu, familia yake, na "wanafunzi wangu wote".

Kuna watu niliowasimulia wakaniambia niache, ndivyo dunia ilivyo, tena jina langu lina faida gani, sikuwa hata na kazi. Sawa. Lakini hebu angalieni dhuluma ilivyopangwa. Jina langu limefutwa, na hilo naweza kulibeba. La fundi je? Katika tasnifu yangu jina lake lilikuwa ukurasa wa kwanza, kabla ya la msimamizi, na nakala moja nilimpelekea mwenyewe. Katika makala ya mkubwa fundi amekuwa "mtoa taarifa wa 1". Mtu aliyejenga vyombo vilivyokwenda mpaka Mombasa na Lamu, amekuwa namba! Alipopokea ile nakala yangu aliipindua pindua, akaniuliza, "Na huyo mwalimu wako aliyetia saini, amesema nini kuhusu maneno yangu?" Nikamwambia amefurahi. Mnataka ningemjibu nini?

Na hiyo ndiyo sababu nasema saini bila kusoma si jambo la uvivu tu. Asiyeisoma kazi yako wakati wako ataisoma wakati wake.

Nimezungumzia milango, na kuna mlango mwingine nisioweza kuupita kimya kimya kwa kuwa mimi haukunifungwa usoni. Dada zetu wanajua nazungumzia nini. "Njoo jioni tuijadili tasnifu yako, ofisini kuna kelele." Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 iliitaja rushwa ya ngono kuwa kosa, katika kifungu cha 25. Kifungu kipo. Lakini binti aliyeshikiliwa tasnifu yake atakwenda kushtaki kwa nani, wakati anayemshikilia ndiye atakayeamua kama anahitimu Novemba hii au mwakani? Usimamizi unaofanyika gizani, bila ratiba, bila maandishi, bila mtu wa tatu kujua nani amekutana na nani, unamfaa mvivu na unamfaa mwizi, na huyu wa tatu ndiye unamfaa kuliko wote. Ndiyo maana napenda ujinga wa karatasi: tarehe, saa, tulizungumza nini, saini mbili. Wenye nia njema haitawapotezea dakika tano.

Haya, na sisi? Sisi ni malaika? Aa wapi! Tumekaa na madesa tangu mwaka wa kwanza, tunarithishana majibu kama mashuka ya hosteli. Jirani na kila chuo kuna steshenari ambako ukiinama kidogo na kupunguza sauti unauziwa tasnifu kamili, jina tu linabadilishwa. Mwenzetu mmoja aliuziwa ya sokoni Iringa akaifanya ya sokoni Temeke, na kwenye ukurasa wa 19 wafanyabiashara wa Temeke wakawa wanalalamika baridi kali ya mwezi wa saba. Akafaulu. Siku hizi hata steshenari inakosa wateja, maana akili mnemba inakuandikia sura tano usiku mmoja, kwa lugha laini isiyo na jasho, na mafundi wa kubuni wakisema maneno ya kubuni. Wakuu wa vyuo wanahangaika kununua programu za kuwakamata. Wanatafuta dawa mbali. Msimamizi aliyekaa na mwanafunzi mara nne, akamuuliza fundi wako anaitwa nani, ana meno mangapi, siku ile mvua ilinyesha au haikunyesha, hahitaji programu. Atajua kwa dakika mbili kwamba huyu hakwenda popote.

Lakini nakataa kuambiwa kwamba desa ndilo lililozaa muhuri. Ni kinyume chake. Mtu ataamka saa kumi alfajiri kwenda kuwasubiri wavuvi kwa ajili ya nani, ikiwa anajua hakuna jicho litakalofika ukurasa wa pili? Wengi wetu tulianza na hamu. Hamu haikufa kwa njaa wala kwa bumu kuchelewa, ilikufa siku tulipogundua kwamba kazi nzuri na kazi ya wizi zinapata saini ileile, kwa kalamu ileile, kwa sekunde zilezile.

Na suala la adabu. Wametulea kwamba mwanafunzi mzuri ni yule wa "shikamoo" na "ndiyo mwalimu". Shikamoo nitaitoa mpaka nife, sina ugomvi nayo. Lakini shikamoo ni salamu, haikusudiwa kuwa hoja. Wale waliomcheka Mpemba walikuwa na adabu sana, walikuwa wanamlinda mgeni asiulizwe swali la aibu.

Waandishi wenzangu mtajiuliza haya ya utafiti yanatuhusu nini sisi wa hadithi na mashairi, jarida hili si la wasomi. Yanatuhusu. Njaa ni ileile. Ni nani kati yetu hajawahi kumpa mkubwa muswada, akaukuta miezi sita baadaye juu ya kabati umewekewa glasi, na mkubwa akasema "ni mzuri, endelea hivyo hivyo"? Endelea hivyo hivyo! Hilo nalo ni muhuri, limekosa wino tu.

Ipo namna nyingine, na imewahi kufanyika kwetu kwenye karatasi duni kuliko hii unayoishika. Mwaka 1969 wanafunzi wa Dar es Salaam walianzisha jarida lao, Cheche, likachapwa kwa stenseli. Mwaka 1970 likatoa andiko refu la Issa Shivji, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anamaliza shahada ya kwanza ya sheria, juu ya mapambano ya kitabaka ya kimyakimya ndani ya Tanzania. Novemba ya mwaka huohuo Cheche likapigwa marufuku, lakini si hilo ninalolisimulia. Ninalolisimulia ni walichofanya waalimu. Walter Rodney, John Saul na Tamás Szentes hawakumpigapiga begani. Walimjibu kwa maandishi, wakamkosoa, wakaonyesha wanapokubaliana naye na wanapomkatalia, kama mtu anavyomjibu mtu. Andiko na majibu yale yakatoka pamoja katika kitabu cha Tanzania Publishing House mwaka 1973. Maprofesa kubishana hadharani na hoja ya kijana! Mimi huo ndio ulezi ninaouelewa. Kusifiwa nimesifiwa sana, kubishiwa nimekosa.

Kwa hiyo sidai fedha, ingawa zingefaa. Sidai majengo. Wahadhiri, mnaopangiwa watu 30 na mnaweza 8, semeni hadharani kwamba mnaweza 8, tutawasaidia kupiga kelele kwa wakuu wenu. Mkikaa kimya mkasaini 30, msije mkasema hampendi mfumo. Mkitumia jedwali la mwanafunzi, liandikeni jina lake, na la fundi wake, lisomeke bila miwani. Wakuu wa idara, usimamizi upewe pointi kama makala inavyopewa, mwone watu watakavyoanza kuwatafuta wanafunzi wao koridoni. Na wewe wa mwaka wa tatu unayesoma hapa umeegemea ukuta wa mkahawa, siku ya kwanza ukikutana na msimamizi wako usimuulize tasnifu iwe na kurasa ngapi. Muulize ataisoma lini. Akicheka, mngoje amalize kucheka, halafu muulize tena.

Kanda na madaftari msiyatupe. Langu lipo, lina tarehe na lina madoa ya shahamu, na yeyote anayetaka kulilinganisha na makala ya mkubwa anakaribishwa. Wanaokutana na sisi Jumamosi kusomeana hadithi wanajua mahali na wanajua saa. Jumamosi ya mwisho ya mwezi tunaweka hadithi kando, tunasoma tasnifu zilizosainiwa bila kusomwa, kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, kalamu nyekundu mkononi. Njoo na yako. Na msimamizi wako mwambie tumemwekea kiti.